Mlango upimwe ukiwa umefungwa

Hotuba kwa mafundi wa mifumo, wanafunzi na wenye steshenari, Chumbageni, Tanga

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mwenyekiti, barua yako ilinitaka nizungumzie teknolojia na fursa. Naomba uniwie radhi. Fursa watakuja kuzisema wengine, na hawakosekani. Mimi nimekuja na fomu mbili tu: ya kujisajili na ya kuingia. Kila fundi aliyemo humu ndani ameshazijenga, pengine kwa kufuatisha video, na karibu kila fundi huzikagua kwa namna ileile. Anajaza jina "test", namba yake mwenyewe, neno la siri 123456, anabonyeza, ukurasa unafunguka, anasema mfumo uko tayari, anakwenda kunywa chai.

Alichokipima ni kwamba mtu halali, mwenye bando, asiyekosea kuandika, anaweza kupita. Hilo hata tundu la ukutani linaweza. Mlango tunauweka kwa ajili ya kukataa, na kukataa ndiko tusikokupima. Nikikagua kazi ya mtu, kwa kila jaribio moja linalosema "ameingia" natafuta mengi yanayosema "amezuiwa", halafu natazama wanaozuiwa ni akina nani. Kama wote ni "test" na "test2", najua mfumo huo haujawahi kukutana na mtu wa Tanga.

Tuanze na mtu wa Tanga, basi.

Hapa kwetu anayejaza fomu yenu mara nyingi siye mwenye akaunti. Nendeni Ngamiani, barabara yoyote kati ya zile zenye namba, mkae kwenye steshenari saa nne asubuhi msimu wa maombi ya vyuo. Anaingia binti na bahasha ya khaki, ndani yake cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha sita. Kijana wa kaunta anamuuliza, "Una imeili?" Hana. Anafunguliwa palepale, au inatumika ya steshenari. Namba ya simu ni ya mjomba aliyeko Muheza, kwa sababu simu ya binti haina chaji. Namba ya uthibitisho inakwenda kwa mjomba, mjomba yuko shambani, anapigiwa, anaisoma kwa sauti, na mtandao unakatika kwenye tarakimu ya nne. Wakipatana tena, muda umekwisha, inaombwa nyingine. Neno la siri analichagua kijana wa kaunta, na ni lilelile alilompa mteja aliyetangulia, maana wateja ni wengi na kichwa anacho kimoja. Analiandika kwenye kipande cha karatasi, binti anakikunja anakitia kwenye bahasha. Anapoondoka, kijana anafunga dirisha la brauza bila kugusa "Toka", anaita: "Anayefuata!"

Simlaumu. Wenye steshenari nimefurahi mmekuja, maana ninyi ndio mnaoibeba mifumo ya nchi hii mgongoni na hakuna anayewauliza lolote inapojengwa. Aliyekosa ni fundi aliyedhani mtumiaji wake amekaa peke yake na kompyuta yake mwenyewe. Na ile picha ya kaunta, ukiitazama vizuri, ni orodha ya majaribio.

La kwanza ni kutoka. Mji wetu una sifa ya "waja leo, waondoka leo". Mifumo yetu mingi ni waja leo, waondoka mwezi ujao. Seva haikumbuki mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwa hiyo mtu akiingia inampa brauza yake kuki yenye namba ndefu ya sesheni, yaani ya kipindi chake cha kuwa ndani, na brauza inairudisha kwa kila ombi. Mafundi wengi wakitengeneza kitufe cha "Toka" huifuta ile kuki kwenye brauza, basi. Upande wa seva sesheni iko hai. Jaribio lake si gumu: ingia, nakili thamani ya kuki mahali, bonyeza "Toka", kisha tuma ombi jipya kwa mkono ukiwa na kuki ileile ya zamani. Seva isipokukataa, kwa jibu la 401, yaani hujatambulika, au kwa kukurudisha kwenye ukurasa wa kuingia, hujatoka, umefunga macho tu. Mnaotumia tokeni zilizosainiwa, zile ambazo seva haiziweki popote, shughuli yenu ni kubwa zaidi: tokeni hiyo ni halali mpaka muda wake uishe hata mwenyewe akitaka ife. Ama muda wake uwe mfupi, ama muwe na orodha ya zilizokataliwa. Chagueni, kisha mpime.

Baada ya kutoka, bonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Matokeo ya yule binti yanaonekana tena? Brauza imeyaweka akiba. Kurasa zote za ndani ziende na kichwa cha Cache-Control chenye no-store, kinachoikataza brauza kuziweka akiba. Lipime hilo kwa brauza halisi, si kwa kusoma msimbo, maana brauza zina tabia zake.

Halafu mteja wa pili. Wa kwanza hakutoka, wa pili anafungua ukurasa wa kujisajili kwenye mashine ileile. Mfumo wako unafanya nini? Nimeona inayompeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya aliyetangulia, na kijana wa kaunta, kwa haraka zake, anaanza kujaza taarifa za huyu kwenye jalada la yule. Hakuna mdukuzi hapo. Ni watu wawili waaminifu na fundi mmoja asiyefikiri. Ukurasa wa kujisajili ukikuta sesheni iliyo wazi, uulize kwa maneno makubwa: "Umeingia kama fulani. Ni wewe?"

Namba ya sesheni nayo ibadilike mtu anapoingia. Ikibaki ileile ya kabla ya kuingia, mjanja anaweza kuipanda mapema kwenye kompyuta ya watu wengi, akasubiri mtu aingie, akaitumia. Jaribio ni mstari mmoja: namba ya kabla na namba ya baada zisilingane. Na binti akifika nyumbani, simu imechajiwa, akabadilisha neno lake la siri, sesheni iliyobaki steshenari ife papo hapo. Hili linapimwa kwa brauza mbili kwa wakati mmoja, na ndilo ninalokuta limesahauliwa kuliko yote.

Sasa mjomba wa Muheza na namba yake ya uthibitisho. Hapa nitakaa kidogo, maana makosa ya hapa yana raha yake.

Namba ina tarakimu sita, kwa hiyo ziko milioni moja, kuanzia 000000 hadi 999999. Moja katika kila kumi inaanza na sifuri. Ukiihifadhi kwenye kanzidata kama namba ya hesabu, 048213 inakuwa 48213. Mjomba anasoma sawasawa, kijana anaandika sawasawa, mfumo unakataa. Wakiomba nyingine inakubali, kwa hiyo wanasema "mtandao ulikuwa unasumbua", na hitilafu inaendelea kuishi. Jaribio lenye namba ya kubahatisha litapita mara tisa kati ya kumi, nawe utalaumu kompyuta yako. Lazimisha namba inayoanza na sifuri. Lazimisha 000000 yenyewe. Ihifadhi kama maandishi.

Muda wake je? Saa za kwetu ziko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa saa tatu. Sehemu moja ya mfumo ikiandika muda wa mwisho kwa UTC na nyingine ikisoma kwa saa ya Tanzania, namba inakufa kabla haijazaliwa. Hiyo utaijua siku hiyohiyo, simu zitaita. Geuza makosa: iandikwe kwa saa ya Tanzania, isomwe kwa UTC. Namba ya dakika kumi sasa inaishi saa tatu na dakika kumi, na hakuna mteja hata mmoja atakayepiga simu kulalamika kwamba namba yake imeishi mno. Kosa la upande wa kukataa hupigiwa kelele. La upande wa kukubali hunyamaza, na ndilo la kutafuta. Msikae mkisubiri dakika kumi ziishe kwenye jaribio. Saa iwe kitu ambacho msimbo unapewa, kisha kwenye majaribio muipe saa ya bandia: ipelekeni mbele dakika tisa na sekunde 59, ikubali, dakika kumi na sekunde moja, ikatae.

Na jamani, kwenye ujumbe msiandike "namba hii itaisha saa 8:10". Ni saa nane na dakika kumi mchana, au, ikiwa imeandikwa kwa saa ya kizungu, ni saa mbili na dakika kumi asubuhi? Mjomba atajuaje? Andikeni "ndani ya dakika 10", yaishe. Msimpe sekunde sitini, mmeshaona namba inavyosafiri.

Mara ngapi mtu aruhusiwe kukosea? Piga hesabu. Mashine inayojaribu namba elfu mbili kwa sekunde inamaliza milioni nzima kwa sekunde mia tano, yaani dakika nane na kidogo, ndani ya zile dakika kumi zenu. Ukiruhusu mara tano tu, nafasi ya kubahatisha inakuwa moja kwa laki mbili. Namba ikishatumika isitumike tena, na mpya ikitolewa ya zamani ife. Kila moja kati ya hizo sentensi ni jaribio.

Majina na namba za simu nitayapitia upesi. Namba moja ya simu watu wataiandika kwa sifuri saba, kwa 255, kwa +255, kwa nafasi katikati, na wengine kwa herufi O mahali pa sifuri. Zote ziishie kuwa maandishi ya aina moja kabla hazijafika kwenye kanzidata, la sivyo mtu mmoja atakuwa na akaunti tatu na kila siku ataingia isiyo yake. Kuhusu majina, weka Ng'wandu, lenye ile alama ya juu katikati. Fundi aliyeruhusu A hadi Z peke yake atamwambia Msukuma kwamba jina la babu yake si sahihi. Fundi aliyeunganisha maandishi ya mtu moja kwa moja kwenye amri ya kanzidata ataona mfumo unaanguka, na hapo ashukuru: jina la mtu mwema limemwonyesha tundu ambalo mwizi angelitumia kuandika amri zake mwenyewe. Tumieni vigezo vya kanzidata, yaani maandishi ya mtu yapelekwe kando na amri, msiyaunganishe. Halafu lijaribuni jina hilo kutoka simu tofauti, kwa sababu kuna kibodi zinazoandika alama iliyonyooka na nyingine iliyopinda.

Kitufe cha "Jisajili" nacho. Mtandao ukiwa mzito mtu anabonyeza mara tatu. Maombi mawili yanafika pamoja, kila moja linauliza kanzidata "namba hii ipo?", kila moja linaambiwa haipo, yote mawili yanaandika. Kukagua kwenye msimbo hakutoshi. Kanzidata yenyewe iwekewe sharti kwamba namba haijirudii, na msimbo ujue kupokea kukataliwa huko bila kumtupia mteja ukurasa mweupe wa kosa 500. Majaribio yatume maombi mawili kwa pamoja, si moja baada ya jingine.

Nije kwenye maneno tunayomjibu mtu. Chukueni mfumo wa mikopo midogo. Ukiandika namba isiyo na akaunti unaambiwa "Namba hii haijasajiliwa". Ukiandika iliyopo unaambiwa "Neno la siri si sahihi". Fundi anaona amemsaidia mteja. Lakini mji huu watu wanajuana. Jirani anayetaka kujua kama mwenzake kakopa hahitaji neno la siri. Anahitaji namba ya simu, na anayo, wako kikoba kimoja. Badala ya mkopo, weka kliniki. Weka huduma ambayo mume hataki ijulikane, au mke. Fomu imeshatoboa siri kabla mtu hajaingia.

Jibu liwe moja kwa wote wawili: "Namba au neno la siri si sahihi." Kwenye kujisajili na kwenye "nimesahau neno la siri", sema tu kwamba ujumbe umetumwa kwenye namba hiyo, mwenye akaunti tayari aambiwe huko kwenye simu yake. Na jaribio lisitazame maneno tu. Litazame namba ya jibu, na litazame muda, maana akaunti isipokuwepo msimbo mwingi hurudi upesi bila kukokotoa chochote, na akaunti ikiwepo hukawia kidogo kulinganisha neno la siri. Mwenye saa nzuri anasoma jibu kwenye ukawiaji huo. Dawa ni kufanya hesabu ya bandia hata kama mtu hayupo. Wapo watakaoniambia kwamba hili linamsumbua mteja mwaminifu aliyesahau namba aliyojisajilia. Ni kweli linamsumbua. Kama unajenga mfumo wa tiketi za mpira pale Mkwakwani, sitagombana nawe. Kama kuna pesa, ugonjwa au kesi ndani yake, nitagombana.

Hesabu hiyo ya kulinganisha ni ipi? Wazee wa kazi hii walijifunza mapema. Inasemekana neno la siri la kompyuta lilianza kwenye CTSS, mfumo wa watu wengi kutumia kompyuta moja, chuo cha MIT kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Fernando Corbató. Maneno yote ya siri yaliwekwa kwenye faili moja, yanasomeka. Katika miaka hiyo hitilafu ilibadilishanisha faili hilo na lile la tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake wote. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza namna ya kuhifadhi hashi tu, yaani matokeo ya hesabu isiyorudi nyuma, ikiwa imetiwa chumvi, yaani herufi za kubahatisha za kila mtu peke yake, ili watu wawili wenye neno moja wasiwe na hashi moja. Ilikuwa imeshaandikwa, wazi, bure. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ikaibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, hayakufichwa hata kidogo, na lililoongoza kwa wingi lilikuwa 123456. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn kuibiwa: hashi zilikuwepo, chumvi hakuna.

Kwa kupiga hashi tumieni bcrypt, ya mwaka 1999, au Argon2, iliyoshinda mashindano ya kuchagua hashi ya maneno ya siri mwaka 2015. Zote mbili zimetengenezwa ziwe nzito makusudi. Kumbukeni tu bcrypt inasoma baiti 72 za kwanza. Mwaka 2024 Okta, kampuni inayouza huduma ya kuingia kwenye mifumo, walitangaza kwamba palikuwa na njia ya kuingia kwao, katika mazingira fulani, kwa jina refu la herufi 52 au zaidi, kwa sababu kitambulisho, jina na neno la siri viliunganishwa kisha vikapitishwa kwenye bcrypt. Jina likajaza nafasi, neno la siri likabaki nje. Hao wana mafundi wengi kuliko sisi sote tuliomo humu. Jaribio la kukamata kosa hilo ni la mistari mitatu: maneno mawili marefu yanayofanana mwanzo na kutofautiana mwisho, la kwanza lisajiliwe, la pili likataliwe.

Kuhusu masharti ya neno la siri, nina ugomvi wa siku nyingi na herufi kubwa na alama. Tanga@2025 ina herufi kubwa, ndogo, alama na tarakimu, inapita kila sharti, na mtoto wa darasa la nne ataibahatisha. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na masharti ya namna hiyo mwaka 2017, pamoja na lile la kumlazimisha mtu abadilishe kila baada ya muda. Wanataka urefu, na wanataka neno lilinganishwe na orodha ya yaliyokwisha kuvuja. Ruhusuni nafasi kati ya maneno, ruhusuni kubandika, ruhusuni "chapati nne na mchuzi wa pweza". Nimeona fomu inayolikata neno la siri kimyakimya kwenye herufi ya 20 wakati wa kusajili na isilikate wakati wa kuingia. Mwenye neno refu hataingia milele, na ataambiwa amekosea.

Anayejaribu mara nyingi tumfanyeje? Wengi hufunga akaunti baada ya mara tano. Basi mimi nikikuchukia nitaandika namba yako na upuuzi mara tano kila asubuhi, na hutaingia kwenye akaunti yako mwaka mzima. Afadhali kumchelewesha: sekunde, kisha sekunde kadhaa, kisha dakika, na jibu la 429, yaani umeomba mara nyingi mno. Wengine huzuia anwani ya mtandao. Angalieni hapo. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na ukiifunga kwa sababu ya mhuni mmoja wa Makorora umefungia na watu wa Sahare, Pongwe na Chumbageni ambao hawana habari. Jaribio la kukataa liwe na ndugu yake: wakati mhuni amezuiwa, mtu mwingine kwenye anwani hiyohiyo bado anaingia?

Laini za simu pia hubadilisha wenyewe. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine. Mwenye mpya anabonyeza "nimesahau neno la siri", ujumbe unamfikia, na akaunti ya mtu asiyemjua imefunguka. Namba ya simu peke yake isitoshe kurudisha akaunti yenye pesa. Ndiyo, tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole kuna jina nyuma ya kila namba, lakini jina hilo liko kwa kampuni ya simu, haliko kwenye mfumo wako.

Wengine, mkisikia hivyo, mtakimbilia kuomba namba ya NIDA. Tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Unaitakia nini kwenye mfumo wa kuagiza samaki Kasera? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Na ile tabia ya kunakili kanzidata ya wateja halisi ili ipatikane data ya majaribio iachwe. Tungeni watu wa uongo. Mtumaji wa ujumbe kwenye majaribio naye awe wa bandia, anayeuweka ujumbe kwenye orodha mkausoma, asiwe yule anayemtumia mama wa watu "test test 123" saa saba usiku na kuwamalizia salio.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye skrini ni kumbukumbu za seva, yale mafaili ambamo seva huandika yanayotokea. Mwaka 2018 Twitter waliwaambia watumiaji wao, milioni 330, wabadilishe maneno ya siri, kwa kuwa yalikuwa yakiandikwa kwenye kumbukumbu za ndani kabla hayajapigwa hashi. Baada ya majaribio yenu yote kukimbia, chukueni lile neno la siri la uongo mlilotumia, mlitafute kwenye kila faili la kumbukumbu. Likionekana popote, jaribio limeanguka.

Vyombo vya kazi havinisumbui. Playwright, Cypress, Selenium, chochote kinachofungua brauza kama mtu afanyavyo. Na mengi ya niliyoyasema hayahitaji brauza, yanapimwa kwa maombi ya moja kwa moja kwa seva, kwa haraka. Hashi nzito itachelewesha majaribio, kwa hiyo mtapunguza uzito wake kwenye mazingira ya majaribio. Sawa, ila pawe na jaribio moja linalosoma mipangilio ya huduma halisi na kuhakikisha uzito haukupunguzwa huko.

Nimeletewa karatasi hapa yenye swali: kwa nini tusiache maneno ya siri kabisa, tukatumia alama ya kidole na funguo zilizomo kwenye simu? Teknolojia ipo, kiwango chake W3C, chombo cha viwango vya wavuti, walikipitisha mwaka 2019, na ni nzuri, kwa sababu hakuna neno la kuibiwa wala la kumsomea mjomba. Kwa mwenye simu yake peke yake, mpeni. Kwa simu inayokaa sebuleni ikitumiwa na watu wanne, kidole kitakachokubaliwa ni cha yeyote anayeifungua simu hiyo, na mfumo utawaita wote kwa jina la mama. Kwenye kompyuta ya steshenari msifikirie kabisa. Kwa hiyo iwe ya hiari, pembeni ya njia nyingine, na kitu cha kwanza kupimwa kiwe namna mtu anavyorudi simu ikishaanguka baharini. Aliyeandika swali yuko wapi? Njoo mbele na kompyuta yako, tuanze na fomu yako.